Kamba Inayosokotwa Kushoto

12 Januari 1913

Mwanangu Kifundo,

Mke wa mwalimu, ambaye ndiye mkono wangu wa kuandika, kasema barua isiyo na salamu ni kama kuingia nyumba ya watu bila hodi. Basi hodi. Mimi mzima, paa halivuji, na yule kuku mweusi bado anatagia juu ya sanduku langu la nguo kana kwamba nyumba aliijenga yeye.

Kilichonifanya nimtoe mwenzangu jikoni kwake ni habari ya kivuko. Juzi msimamizi alituita wanawake wote wa kamba pale ofisini kwake, ile ofisi ambayo mlango unazuiwa kwa jiwe. Akasema kamba inayovuka mto, ile ambayo wavutaji huishika kupeleka pantoni ng'ambo, imechoka. Kweli imechoka, nilimwambia mimi mwenyewe tangu mwaka jana. Anataka mpya, hatua mia moja na sitini, nene kama kiwiko cha mtoto, iwe tayari siku ya mwisho ya mwezi wa nne.

Hilo si neno. Neno ni alilosema baadaye huku akiitazama kalamu yake badala ya kututazama sisi. Tukichelewa, au kamba ikiwa na kasoro, ataagiza ya kiwandani ije kwa treni, na tangu siku hiyo sisi hatutasokota tena kamba ya kivuko.

Kifundo, kamba hiyo ilianzwa na bibi yako, na sasa ni miaka thelathini na mbili. Kabla yake watu walivuka mto kwa kumwomba Mungu tu. Tangu hapo kila mgonjwa, kila bibi harusi, kila ng'ombe, hata huyo msimamizi na meza yake siku anahamia hapa, wamevuka kwa kamba iliyotoka kwenye mapaja ya wanawake wa kijiji hiki. Nikasimama nikamwambia, "Bwana msimamizi, tarehe yako iandike vizuri, wino usije ukafutika." Wenzangu walicheka mpaka jiwe la mlango likasogea.

Tuko kumi na wanne. Majani ya katani tumeshakata, sasa tunayaponda kwa marungu na kuyaloweka. Wenzangu watasokota nyuzi, na mimi nitazifunga nyuzi tatu tatu kuwa kamba, kazi ile ya mwisho. Na kanuni ya bibi yako unaijua: aliyeifunga kamba ndiye anayevuka nayo wa kwanza. Nataka msimamizi awe ufukweni siku hiyo anitazame.

Na wewe huko, mashine inakufundisha nini? Niambie, ila usitie chumvi.

Mama yako

(Imeandikwa na mke wa mwalimu. Mama yako amesimama nyuma ya bega langu. Hajui kusoma lakini anahesabu mistari, ili nisimpunje.)


2 Februari 1913

Mama, shikamoo. Na wewe shangazi unayesoma, shikamoo.

Barua yako niliisoma mara tatu, na mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja akaniomba nimsomee yale ya jiwe la mlango. Tumecheka sana. Sasa anauliza kama kweli mama yangu ana sauti kubwa hivyo. Nikamwambia asubiri siku akusikie unamfukuza mbuzi.

Kiwanda sijawahi kukueleza vizuri miaka hii miwili. Ni banda moja refu, hatua mia tatu, na sakafuni kuna reli ndogo. Kigari kinaondoka upande huu kikivuta nyuzi, magurudumu yanazunguka, na kikifika mwisho kamba imeshakuwa kamba. Kengele ikilia tunaanza, ikilia tunakula, ikilia tunanyanyuka hata kama tonge liko mdomoni. Wanawake tunazidi mia. Nyapara wetu ana filimbi, na nadhani hata nyumbani kwake anaomba chai kwa filimbi.

Mimi nimewekwa kwenye meza ya kusokotea, pale ambapo nyuzi zikikatika tunaziunga kwa mkono. Ni kazi ya heshima, hawapewi wote. Nina kikohozi kidogo cha vumbi, kisikutie wasiwasi.

Kuna jambo moja nilitaka kukuuliza kuhusu namna bibi alivyosokota. Lakini si la haraka, tutaongea nikija.

Nyinyi chapeni kazi. Msimamizi atameza maneno yake pamoja na kalamu.

Binti yako, Kifundo


9 Machi 1913

Mwanangu Kifundo,

Meza ya kusokotea! Nimewaambia wote, hata wale ambao hawakuniuliza. Kisimani sasa wananiita Mama Meza, na mimi naitika. Bibi yako angekuwa hai angefunga safari kwa miguu aje akuone.

Ila nashangaa kitu kimoja. Vumbi la katani liko kwenye kuchana nyuzi, haliko kwenye kusokota. Hilo linakukohozaje mezani? Labda mashine zinalirusha. Kunywa maji ya moto.

Sisi huku tumefika hatua sabini. Kazi ni nzuri, uwanja wote mweupe kwa nyuzi zilizoanikwa, na watoto wamekatazwa kupita. Mimi mzima. Mikono yangu yote miwili mizima kabisa.

Mama yako

(Imeandikwa na mke wa mwalimu. Sina la kuongeza.)


30 Machi 1913

Kifundo mwanangu,

Barua hii naandika mimi mke wa mwalimu, kwa niaba yangu mwenyewe, na mama yako hajui. Akijua atanivunja shingo, kisha atanituma niandike barua ya kukueleza alivyonivunja.

Mkono wa mama yako umeumia. Ni ule wa kushoto, ule ule wa kazi. Siku ya kuponda majani rungu liliteleza likaangukia vidole viwili, mwanzoni mwa mwezi. Ile barua ya "mikono mizima kabisa" aliisema mkono ukiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mimi niliandika kama alivyotaka, na sikulala vizuri.

Sasa anafunga kitambaa na kuendelea. Wenzake wamesema awafundishe kazi ya mwisho wampokee, akawakatalia kwamba bibi yako alimwachia yeye. Lakini mwendo umepungua. Tumefika hatua mia na kumi, na kila siku tunapata chache kuliko jana. Tukipiga hesabu, tarehe thelathini ya mwezi ujao tutakuwa na mia na ishirini tu. Arobaini zitapungua. Msimamizi hupita kila asubuhi, anasimama, anatazama, anaondoka na tabasamu la mtu mwenye subira.

Sijui wewe unaweza nini kutoka huko. Nimeona tu nisinyamaze. Usimwambie nimekuandikia.

Akupendaye,
Mke wa mwalimu


10 Aprili 1913

Mama, shikamoo.

Natumai barua hii imefika pamoja na mzigo. Usishtuke kwa uzito wake. Ni kamba ya kiwandani, hatua arobaini, kipande kilichobaki kwenye gurudumu. Nyapara kaniachia, kwa sababu katika miaka miwili sijachelewa kengele hata siku moja. Nikafikiri, mimi kamba nitaifanyia nini chumbani? Bora iende kwa mwenye kazi nayo.

Sijui mmefika hatua ngapi, na sisemi kwamba mmepungukiwa. Ila kama kuna mahali itafaa, iweke. Wewe ukiunga kamba hata sindano haipiti, huo ndio ufundi unaosifiwa kijijini kote. Unene wake nimeupima kwa kiwiko cha mtoto wa jirani.

Mama, kuna jambo lingine, ila karatasi imekwisha.

Binti yako, Kifundo


4 Mei 1913

Mwanangu,

Leo sitanii. Nimemwambia mke wa mwalimu aandike kila neno, asipambe.

Kamba yako ilifika wiki moja kabla ya tarehe. Wenzangu walishangilia. Mimi nilikaa nayo peke yangu kwanza, nikaipapasa. Laini kama nywele za mtoto, imekazwa vizuri, na nikaona misokoto yake imelala upande wa pili, si kama yetu. Nikasema huo utakuwa urembo wa mashine. Kifundo, mimi maisha yangu yote sijawahi kushika kamba ambayo haikusokotwa na mwanamke wa hapa. Ningelijulia wapi?

Nikaiunga na yetu kwa mkono wangu. Na sasa nakuambia nililokuficha: mkono huo ulikuwa mbovu. Vidole viwili vimepondeka tangu mwezi wa tatu, havifungi ngumi. Lakini kiungo kile nilikifuma siku mbili nzima, nikakikaza kwa meno. Tarehe ishirini na tisa tulikabidhi hatua mia moja na sitini, siku moja kabla. Msimamizi alipima mwenyewe, mara mbili, akaipokea.

Juzi tukavuka. Mto umejaa. Mimi mbele, kama ilivyo kanuni, na watu kumi nyuma yangu, na ndama. Wavutaji walikuwa wanaimba. Tulipofika katikati, maji yakiisukuma pantoni kwa nguvu zake zote, nikaiona kamba inazunguka yenyewe. Haikulia, haikuruka. Ilifunguka tu mbele ya macho yangu, misokoto ikaachana, nyuzi zikatoka moja moja, na tukaenda na maji.

Hakufa mtu. Pantoni ilikwama kwenye mchanga pale kwenye kona ya mto, tukashuka tumelowa mpaka shingoni. Ndama alipotea, akaonekana kesho yake anakula shamba la watu.

Msimamizi akasema mbele ya kijiji kizima, "Kamba ya wanawake imekatika." Nikamjibu kwa sauti ndogo. Hebu fikiria, mimi. Nikasema kosa si la wanawake, ni la mkono wangu, sikukaza kiungo. Rungu langu nimelitundika ukutani. Ataagiza ya kiwandani, na kwa kweli sina uso wa kumkataza.

Kuna kitu kimoja tu sikielewi. Walipoitoa majini, kiungo changu kilikuwa bado kimeshikana vile vile nilivyokifuma. Kamba huku na huku imefumuka kama nywele za mtu aliyeamka, lakini kiungo kizima. Nimekikata nimekiweka kwenye sanduku. Nakitazama sipati jibu.

Usije ukajilaumu kwa zawadi yako. Ilikuwa nzuri.

Mama yako


9 Mei 1913

Mama yangu,

Ningeweza kuruka ningeruka nije niyaseme haya nikiwa nimepiga magoti. Shangazi, msomee polepole, na akitaka kutoka nje kwa hasira mwache atoke, kisha mwite amalizie kusikia.

Mkono wako haukukosea. Mwenye kosa ni mimi, na kosa langu ni la miaka miwili.

Sipo kwenye meza ya kusokotea. Niliwekwa hapo siku nne tu. Uzi wa mashine ulikatika mbele yangu, nikaushika nikauunga kama ulivyonifundisha, kiganja cha kushoto juu ya paja la kushoto, nikisukuma mbele. Mashine ilipouvuta, ulifumuka. Nikaunga wa pili, ukafumuka. Nyapara akapiga filimbi, watu wakasimama kazi, akanishika mkono akauinua juu akasema, "Tazameni, huyu anasokota kinyume." Kumbe huku wote wanasokota kwa mkono wa kulia, na mashine nazo zimetengenezwa kuwafuata. Uzi wa kulia ukiunganishwa na wa kushoto, kila mmoja unaufungua mwingine. Hakuna kiungo cha kuuzuia, hata kingefumwa na malaika.

Nilikuja kukumbuka baadaye. Bibi alikuwa mashoto. Aliwafundisha nyote kwa mkono wake, nanyi mkamfuata, hata wale wa mkono wa kulia. Kijiji kizima kinasokota kushoto kwa sababu ya mwanamke mmoja, na kamba zenu ni imara kwa sababu zote zinakwenda upande mmoja.

Walinihamishia banda la kuchana nyuzi. Ndiyo maana nakohoa, ulishika ukweli tangu siku ile nami nikanyamaza. Na wakanipa jina. Wakaniita Mashoto. Mama, hilo ni jina la bibi yangu, aliyevusha watu wote hao, na mimi niliposikia likisemwa kwa kicheko niliona aibu nikainamisha kichwa. Nikajifunza kusokota kwa mkono wa kulia kwa siri, ili wasahau. Nilipokuwa nafunga ule mzigo nilijua kamba ile ni ya kulia. Neno moja tu kwenye barua lingetosha. Lakini kulisema ningelazimika kueleza nimelijuaje, na wewe ulikuwa Mama Meza kisimani. Nikasingizia karatasi.

Sasa fanya hivi, nakuomba. Chukua vipande viwili vya kamba yenu, viunganishe, funga ncha moja kwenye nguzo ya baraza ya ofisi, ncha nyingine waivute wanawake watano bila kuiachia izunguke. Choma kijiti kwenye kiungo. Kitatulia. Kisha unganisha kipande chenu na cha kwangu, mvute vile vile. Kijiti kishikwe na msimamizi mwenyewe.

Nisamehe. Na kama huwezi kunisamehe, mwonyeshe kwanza, kisha tutaendelea na ugomvi wetu.

Kifundo


19 Mei 1913

Kifundo,

Ulikisia vizuri, nilitoka nje. Nilizunguka nyumba mara mbili. Kuku mweusi alinipisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kisha nikarudi nikasema, soma tena pale pa kijiti.

Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Lakini kilichonikasirisha si kamba. Ni kwamba ulikaa miaka miwili unavuta vumbi ukiogopa kumwambia mama yako. Mimi nimekuwa mama wa namna gani hata mwanangu aone afadhali akohoe kuliko nijue? Halafu nikajitazama na mkono wangu ndani ya kitambaa, na barua yangu ya "mizima kabisa", nikaona hatuna wa kumcheka mwenzake. Ulinifuata mimi mama yako. Basi hilo limekwisha, na ukilitaja tena nitakuchapa.

Jumatatu asubuhi tulikwenda ofisini wanawake wote kumi na wanne. Nilivaa nguo yangu ya kutokea. Msimamizi akasema ana kazi, nikamwambia nasi tuna kazi, ndiyo hii. Tukafunga kamba kwenye nguzo. Ya kwetu kwa ya kwetu: watano wakavuta mpaka nguzo ikalalamika, kijiti hakikutikisika. Nikaleta kile kiungo nilichokitunza sandukuni, kikiwa na mikia ya kamba zote mbili tuliyoisokota upya. Nikamwambia, "Bwana, shika hiki kijiti." Akashika kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya. Wanawake wakavuta. Kijiti kikazunguka, kikamtoka mkononi, kikampiga kwenye kidevu.

Alikiokota chini. Akakirudisha mwenyewe, akasema, "Vuteni tena." Tukavuta tena, kikamchomoka tena. Akavua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia, ana kipara kizuri. Akasema, "Kumbe haikukatika." Nikamwambia, "Haijawahi kukatika kamba ya hapa, na sasa andika hivyo, kwa ile kalamu yako." Akaandika, mke wa mwalimu alisimama karibu akasoma kila herufi.

Kifundo, nilitembea kutoka pale nikiwa na urefu wa nguzo.

Lakini sikiliza, mambo hayajaisha. Mto hauna kamba, watu wanavuka kwa mitumbwi wawili wawili na mto umejaa. Barua ya kuagiza ya kiwandani ameishika mezani siku kumi na mbili tu kuanzia Jumamosi ijayo, zaidi ya hapo anasema wakubwa wake hawatamwelewa. Hatua za kamba yetu zilizoharibika tumezikata tukabaki na hatua mia moja na tano. Zinatakiwa hamsini na tano mpya. Nyuzi wenzangu wanaziweza. Kuzifunga kuwa kamba ndiyo kazi ninayoijua mimi na wewe tu, maana wewe ndiye niliyemfundisha ukiwa na miaka tisa, umekaa mbele yangu, mkono wangu juu ya mkono wako.

Mkono wangu haufungi ngumi. Mganga kasema utafunga, ila si mwezi huu. Sijawahi kumwomba mtu mkono maishani mwangu, na ona nimechelewa kiasi gani kujifunza. Nakuomba wa kwako. Wa kushoto.

Kama nyapara atakukatalia ruhusa, mwambie mama yako anakuja kuongea naye.

Mama yako

(Imeandikwa na mke wa mwalimu, ambaye naye ana la kutubu. Rungu lile halikuteleza lenyewe. Nililishika mimi. Nilitaka kujaribu kazi yao siku moja, nikapiga mkono wa mama yako badala ya jani. Amekataa katakata nitajwe, anasema mwandishi wake asichekwe. Sasa ametoka kumfukuza mbuzi, nami nimepata nafasi ya mistari mitano.)


22 Juni 1913

Mama, shikamoo.

Nimefika salama. Treni ilichelewa, lakini wapo waliosogea nikapata pa kukaa, kwa sababu viganja vyangu vilikuwa na malengelenge na mzee mmoja akadhani nimeungua moto. Nilipomweleza akawaeleza wengine, mpaka behewa zima likajua habari ya kivuko chetu. Nadhani nimechukua sauti yako.

Ninaandika haya kwa sababu kule nyumbani sikupata nafasi ya kuyasema. Siku zote kumi na moja ulikuwa umekaa nyuma yangu kwenye kigoda ukisema kaza, legeza, kaza, we mtoto unasokota au unabembeleza? Na siku ya tatu nilipolia kwa maumivu ya kiganja, hukusema pole. Ulisema, "Bibi yako naye alilia kwenye hatua ya hamsini." Sikujua. Nililia vizuri zaidi baada ya hapo, kisha nikaendelea.

Nataka ujue nilichokiona siku ya kuvuka. Uliniambia nisimame mbele, peke yangu, maana kanuni ni kanuni. Nikakukatalia, nikakuambia kamba hii ina mikono miwili. Ukanuna, ukapanda. Nilikuwa naogopa, Mama. Msimamizi yuko ufukweni na kofia yake mkononi, na watu wamejaa pande zote mbili za mto. Wavutaji walivuta bila kuimba. Tulipofika katikati, pale pale, ukainua mkono wako mbovu ukasema, "Simameni hapa." Wakakutazama kama umerukwa na akili. Ukasema, "Nimesema tusimame."

Tukasimama. Maji yakatusukuma kwa nguvu zake zote. Kamba ikakaza, ikatoa maji matone matone kwa urefu wake wote, na msokoto hata mmoja haukusogea. Wewe ukaitazama muda mrefu sana. Ukaweka kile kiganja kisichofunga ngumi juu yake, ukasema taratibu, si kwangu, si kwa wavutaji, "Haya, mama. Tumevuka." Ndipo wale wa ng'ambo wakapiga vigelegele, na mvutaji wa mwisho akaanza wimbo.

Msimamizi alinipa barua ya kukupa wewe siku moja kabla sijaondoka, nikaisahau mfukoni. Naituma na hii. Kwa kifupi anasema kivuko cha juu na kivuko cha chini navyo vinahitaji kamba mwaka ujao, na anaomba, neno lake ni "naomba", zisokotwe na wanawake wa kijiji chetu, zote upande mmoja. Shangazi ataisoma yote, na kwenye neno hilo mwambie arudie.

Huku kiwandani nyapara aliviona viganja vyangu akauliza nilikuwa nafanya nini likizoni. Nikamwambia nilikuwa nasokota kamba ya kivuko. Akasema nimwonyeshe. Saa ya chakula nikakaa chini uani, nikachukua nyuzi zilizotupwa, nikaweka kiganja cha kushoto juu ya paja la kushoto, mbele ya watu, nikasokota kamba. Nikaikunja, nikampa. Aliivuta kwa mikono miwili, akaivuta kwa goti, uso ukamwiva, haikufunguka. Filimbi ilikuwa mdomoni na hakuipiga. Kesho yake akanitoa banda la vumbi akaniweka mezani. Nyuzi zao naziunga kwa mkono wa kulia, naweza yote miwili sasa, na hapa ndani hakuna mwingine anayeweza. Kwa hiyo kisimani waendelee kukuita Mama Meza, safari hii ni kweli.

Wenzangu bado wananiita lile jina. Leo asubuhi mmoja alilipaza kutoka mwisho wa banda, hatua mia tatu, juu ya kelele za magurudumu yote. Nikainua kichwa, nikamwitikia kwa sauti ambayo wewe na mbuzi wako mngeitambua.

Mwanao,
Mashoto